Gemu Mpya na Beki wa Mikumi

Gemu mpya ilifika Kilosa ikiwa imefungwa ndani ya taulo, kwenye begi la mzee mmoja aliyewahi kuwa gadi wa treni. Alikuwa amepunguzwa kazi pamoja na wenzake wengi, na badala ya kurudi kijijini kulima alichukua chumba cha mbele cha nyumba yake, jirani na stesheni, akaweka runinga, mashine ya gemu, mabenchi manne na pazia zito la kuzuia mwanga. Miaka ile kila mtu alikuwa anajaribu biashara yake. Mashamba ya mkonge kule Rudewa yalikuwa yameota vichaka, duka la ushirika limefungwa kufuli lenye kutu, na vitu ambavyo zamani tulivisikia kwa waliosafiri vilikuwa vimemwagwa sokoni kama dagaa. Banda la gemu lilikuwa moja ya vitu hivyo. Vijana walijaa humo mpaka mzee akalazimika kutumia filimbi yake ya zamani ya treni kutangaza kwamba muda wa mtu umekwisha.

Mimi nilikuwa fundi baiskeli, kibanda changu cha bati kikiwa hatua chache kutoka mlango wake. Kelele zote za mle nilizisikia, lakini sikuwahi kuingia.

Sababu ilikuwa mguu. Kabla ya ufundi nilikuwa winga wa kushoto wa timu ya Kilosa, na hicho ndicho kitu pekee ambacho mji ulinijua nacho. Mwaka wangu wa mwisho tulikwenda Mikumi kucheza mechi ya kuamua nani aende mkoani. Uwanja ulikuwa karibu na barabara kuu, na malori ya Zambia yalikuwa yanapunguza mwendo ili madereva wachungulie. Beki wao wa kulia alikuwa kijana mrefu, mwenye mbio, lakini mzito wa kugeuka. Nilimpita mara ya kwanza, nikampita mara ya pili. Mara ya tatu nilimpiga tobo, uwanja ukacheka, na watu wa kwao nao wakacheka. Mara ya nne niliusukuma mpira upande mmoja wake, mimi nikapita upande wa pili, na sikufika. Nilisikia mlio kama wa mtu anayevunja muwa kwenye goti. Refa alimwonyesha kadi ya njano.

Mfupa wa ugoko uliunga, ila haukuunga sawa. Mguu wa kushoto ukabaki mfupi kwa upana wa kidole, na mvua zikikaribia ulikuwa unaniambia mapema kuliko redio. Mama yangu, aliyekaa nami hospitali wiki zote zile akilala kwenye mkeka, alisema mbele ya ndugu na majirani kwamba yule mtoto wa Mikumi asithubutu kukanyaga ua wa nyumba yake. Maneno hayo yalisambaa. Mimi niliacha tu mpira. Siku za mechi kubwa, redio ya jirani ikianza kutangaza, nilikuwa napiga nyundo hata pale pasipohitaji nyundo.

Ndivyo nilivyokuwa kwa miaka miwili, mpaka mzee alipotoka mlangoni kwake akaniita.

"Fundi, hebu njoo na nyundo yako. Benchi langu limelegea, litaniangushia watoto wa watu."

Nilikwenda na nyundo na misumari, nikapiga magoti gizani nyuma ya wateja. Nilipoinua kichwa nilikiona kioo.

Nilikuwa nimewahi kuona gemu ya zamani, ile iliyotangulia, siku moja nikipita dirishani. Wachezaji wake walikuwa kama vibao vya kufulia vyenye miguu. Hii ilikuwa kitu kingine. Majani ya uwanja yalikuwa na mistari ya kijani iliyokoza na iliyofifia, kama uwanja uliofyekwa na mtu mwenye subira. Kila mchezaji alikuwa na kivuli chake, na kivuli kilikimbia naye. Mtu alipiga shuti likapita pembeni, akashika kichwa kwa mikono miwili, akainama. Nilibaki nimeinua nyundo hewani. Hicho kichwa nilikijua. Nilikuwa nimekishika mwenyewe hivyo hivyo mara nyingi.

Maandishi yote yalikuwa ya kigeni, ya Kichina au Kijapani, tulibishana mpaka tukachoka. Mtangazaji naye alipayuka kwa lugha hiyo hiyo. Vijana walikuwa wamekariri: ukitaka kuanza mechi, mstari wa pili kutoka juu, ukitaka kubadilisha mchezaji, wa nne. Waliitafuta Tanzania kwenye bendera zote, hawakuiona, wakagawana Kameruni na Naijeria kama ndugu wanaogawana shamba la mjomba.

Kisha beki mmoja wa kwenye kioo akateleza, akamfagia winga miguu yote miwili. Winga akapaa, akaanguka, akabiringika mara mbili. Nilisubiri machela. Yule winga akainuka, akajipangusa, akakimbilia nafasi yake.

"Mbona ameinuka?" niliuliza kwa sauti.

Wote wakageuka kunitazama, halafu mmoja mmoja wakaangalia chini, kwa kuwa walinijua.

Kesho yake nilirudi, na kesho kutwa. Sikujua kwamba mikono inaweza kujifunza kile ambacho mguu umesahau. Ile pedi ya kuchezea, yenye vitufe, ilikuwa ndogo, nyepesi, na vidole vyangu vilikuwa na grisi, lakini ndani ya wiki moja nilikuwa najua kumchukua winga wa kushoto, kumburuta mpaka karibu na mstari, kumsimamisha ghafla beki apite, kisha kupiga krosi. Chini ya benchi mguu wangu mbovu ulikuwa unacheza pamoja nami, kisigino kinagonga sakafu. Nilikuwa natoka mle nikichechemea zaidi kuliko nilivyoingia. Usingizini nilikimbia. Mama aliniuliza kwa nini nimeanza kula vizuri, nikamwambia kazi ni nyingi.

Habari ya gemu ilikwenda Mikumi pamoja na madereva. Kule nako walikuwa na banda, lakini bado walikuwa na vile vibao vya kufulia. Wakatuma ujumbe kwamba wanakuja Jumapili kutupima. Mzee alifurahi, akaosha mpaka pazia.

Walifika mchana, vijana sita nyuma ya lori lililokuja kuchukua mahindi, nywele zimejaa vumbi jekundu la njia inayopita kijiji cha Ulaya. Nilikuwa nimekaa benchi la ukutani nikisubiri zamu. Wakaingia wakiinama mlangoni, wakimwamkia mzee mmoja mmoja. "Shikamoo mzee." "Marahaba, karibuni." "Shikamoo." "Marahaba." Wa sita aliinama zaidi ya wenzake kwa urefu wake. Hata kabla hajanyanyua uso nilimtambua kwa mabega: yule beki aliyenivunja.

Hakuniona, au alijifanya hakuniona. Sheria ya banda ilikuwa moja: aliyefungwa anapisha. Alipopewa pedi alicheza kimya, bila kupiga kelele, bila kusimama. Alimfunga kijana wetu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila aliyenyanyuka aliniangalia mimi, na kila aliponyanyuka mtu mimi nilisogea nafasi moja mbele kwenye benchi. Chumba kilianza kupungua maneno. Wale wa Mikumi walidhani tunaogopa kufungwa. Wetu walikuwa wanahesabu nafasi zilizobaki kabla yangu.

Zikaisha. Filimbi ikalia, na mzee akanitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Fundi. Unacheza au unapisha?"

Ningeweza kusema nina baiskeli ya mtu nje. Kila mtu angeelewa, na hilo ndilo lililoniudhi, kwamba kila mtu angeelewa. Nikanyanyuka. Kutoka benchi la ukutani mpaka la mbele ni hatua nne, na kwa hatua zote nne alikuwa ananitazama miguu. Nikakaa. Benchi lilikuwa fupi, bega lake likagusana na langu.

"Habari za siku, kaka," alisema.

Nilichukua Kameruni. Yeye alichukua timu gani sikuangalia.

Dakika za mwanzo nilicheza mpira. Nilimpeleka winga wangu kushoto, nikampita beki wake, nikapiga krosi, na mtu wa kati akaweka kichwa. Goli. Vijana wa Kilosa walilipuka, benchi likayumba. Nilipaswa kufurahi. Lakini katika kelele zile nilisikia kicheko, na kicheko kile kilinirudisha kwenye ule uwanja wa kando ya barabara, mpira umepita kati ya miguu ya mtu, watu wanacheka, na mimi sijui kwamba nimebakiwa na dakika mbili za kuwa mchezaji.

Mpira ulipoanza tena sikuufuata. Kulikuwa na kitufe chenye alama ya mraba. Ukikibonyeza kwa kasi mtu wako anateleza na miguu mbele. Nilimtafuta beki wake wa kulia. Hakuwa na mpira, alikuwa amesimama tu kwenye nafasi yake. Nikateleza. Akaanguka, akabiringika, akainuka. Refa wa kwenye kioo akatoa kadi ya njano. Vijana wakacheka, wakidhani ni utani. Nikateleza tena. Kadi nyekundu. Nikachukua mtu mwingine, nikamtafuta beki yule yule, nikamfagia kwa nyuma. Kadi nyekundu. Hakuna aliyecheka tena. Mtangazaji wa kigeni alikuwa anapayuka peke yake.

Yule bwana aliondoa vidole kwenye vitufe, akaiweka pedi mapajani. Timu yake yote ikasimama kama ng'ombe kwenye mvua. Mimi niliendelea. Nilikuwa naumia kidole gumba kwa kubonyeza. Kila nilipomwangusha mtu, mtu yule aliinuka, akajipangusa, na kule kuinuka kwake ndiko kulikonichoma zaidi.

"Mimi niko hapa," alisema kwa sauti ya chini, bila kunigeukia. "Hao wa kwenye kioo hawana kosa."

Sijui nilisimama vipi. Nakumbuka pedi ikining'inia kwa waya wake, na nakumbuka kwamba nilikuwa nimekamata shati lake shingoni na yeye hakuinua mikono. Benchi lilianguka. Wale watano wa Mikumi wakasimama, na wetu, karibu ishirini, wakasimama pia. Mlango ulikuwa mmoja, na ulikuwa nyuma yetu wote. Nilimwona mmoja wa vijana wetu akiinama polepole kuokota nyundo niliyokuwa nimeingia nayo kutoka kibandani.

Filimbi ililia. Haikulia kama ile ya kumaliza zamu. Mzee aliipuliza kwa mapafu yote, kama mtu anayesimamisha treni yenye abiria, mpaka masikio yakauma.

"Weka chini hiyo nyundo," alisema. Kijana akaiweka. "Hawa wawili watatoka. Nyinyi wengine mtakaa humu, na atakayegusa pazia hili asinijue tena. Fundi, mwachie mwenzio shati."

Nilimwachia. Tulitoka kwenye jua kali, tukakunja macho. Tulizunguka nyuma ya nyumba mpaka kwenye reli, ambapo hakuna aliyeweza kutuona isipokuwa mbuzi.

Kwa miaka miwili nilikuwa nimeandaa maneno. Nilijua atasema ilikuwa bahati mbaya, mpira ndivyo ulivyo, na nilijua nitamjibu nini. Nikamuuliza swali moja ili aingie kwenye mtego wangu.

"Ulikusudia?"

Alikuwa anapumua kama mtu aliyetoka kukimbia.

"Kukuvunja, hapana," alisema. "Kukuangusha, ndiyo. Mpira nilikuwa nimeshauona umepita. Niliuona kabisa, kaka. Nikaenda tu."

"Kwa nini?"

"Walicheka. Mchumba wangu alikuwepo, na yeye alicheka."

Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga yalikuwa ya kumjibu mwongo. Nilimpiga kofi moja, na ninalisema hapa kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Halikuwa kofi la maana. Nilipoinua mkono mguu ulinisaliti, nikayumba, na yeye akanishika kiwiko nisianguke. Nilikitoa kiwiko changu kwa hasira. Tukabaki tumesimama.

"Nilishakuja mara mbili," alisema. "Nilifika Ulaya nikarudi. Niliambiwa alichosema mama yako."

Nilipomsikia akimtaja mama nilipata wazo ambalo hata sasa sijui kama lilikuwa la haki au la ukatili.

"Basi twende," nikamwambia. "Hayo uliyoniambia mimi, ukamwambie yeye."

Aliangalia njia. Nadhani alikuwa anapima kama lori lao lingemngoja. Kisha akasema, "Twende."

Kutoka reli mpaka kwetu mtu mwenye miguu mizima anatembea robo saa. Mimi nilitumia zaidi. Alitembea nyuma yangu njia nzima, na nilimsikia akifupisha hatua, akisimama niliposimama. Watu waliotufahamu walikatisha mazungumzo barazani tulipopita. Nilitaka kumwambia apite mbele asiniangalie mgongo, na sikutaka kumwambia chochote. Karibu na nyumbani nilianza kumhofia yule wa nyuma yangu. Mama alikuwa na mchi.

Tulimkuta uani ameketi kwenye kigoda, ungo mapajani, anachagua mchele. Alinitazama mimi, akamtazama aliye nyuma yangu, na mkono wake ukasimama ndani ya mchele. Hakuwahi kumwona zaidi ya siku ile ya uwanjani, kwa mbali, lakini alimjua.

"Hodi, mama. Shikamoo," alisema yule kijana.

Mama akaanza tena kuchagua. Alitupa jiwe dogo, akatupa pumba. Kwetu mtu anaweza kukunyima maji, akakunyima kiti, lakini shikamoo huitikiwa hata kwa adui. Nilikuwa sijawahi kusikia ikiachwa hewani. Kuku wawili walikuja kuokota pumba, wakaenda zao.

"Shikamoo mama," alirudia, na sauti ikapanda kidogo mwishoni, kama ya mtoto wa shule.

"Mwanangu," mama aliniambia mimi, "huyu uliyekuja naye amekula?"

"Sijui, mama."

"Muulize."

Nikamuuliza, naye amesimama mkono mmoja kutoka kwangu. Akasema hana njaa. Kisha, bila kuambiwa, akaeleza. Alisimama wima, mikono nyuma, akasema yote kama alivyoniambia kwenye reli: mpira ulivyopita, alivyouona, watu walivyocheka, alivyokwenda. Hata habari ya mchumba hakuiruka. Ungo haukutikisika.

"Rudia," mama alisema.

Akarudia. Mara ya pili ilikuwa fupi, na ilimtoka kwa shida zaidi.

"Mama yako yu hai?"

"Yu hai, mama."

"Yeye anajua hivi?"

Akainama. "Nilimwambia ilikuwa bahati mbaya."

Mama aliweka ungo chini. Ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anashikilia ungo ule ili asishike kitu kingine.

"Mimi nililala sakafuni wiki ngapi nikisikia huyu analia," alisema, "na mama yako kule Mikumi analala kwa amani kwa sababu ya uongo wako. Nenda kamwambie yeye kwanza, kama ulivyoniambia mimi. Usipunguze. Ukirudi hapa ukiwa umemwambia, nitakuitikia. Usipomwambia, usirudi."

Alikwenda. Lori lilikuwa limemngoja, na wenzake walikuwa wamekaa juu ya magunia wamenuna kwa kufungiwa bandani saa nzima na mzee asiyecheka.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko miaka miwili iliyotangulia. Zamani nilikuwa na mtu wa kumchukia, na alikuwa mbali. Sasa nilikuwa na mtu wa kumsubiri. Kila lori la njia ya Ulaya lilipoingia nilikuwa nanyanyua kichwa kutoka kwenye tairi. Mama hakumtaja, lakini nilimwona anafagia ua mara mbili kwa siku. Bandani nilikwenda mara moja. Mzee alinipa pedi, nikacheza, nikafungwa, na wakati wote ule sikuthubutu kugusa kitufe cha mraba, hata pale nilipopaswa.

Wiki ya nne nilijiambia hatarudi. Nilishangaa kwamba wazo hilo halikunipa nafuu.

Alirudi siku ya kazi, asubuhi, na hakuja peke yake. Alikuwa na mwanamke mwembamba aliyejifunga kanga kichwani, ameshika jogoo kwapani, amechoka safari mpaka midomo imekauka. Mama alitoka jikoni kwa sauti ya hodi. Akamwona yule mwanamke, akaona kwamba ni mkubwa kwake, na hapo, mwanamke aliyekuwa ameiacha hewani shikamoo ya mgeni wangu mwezi mzima, alipiga goti kidogo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Nimekuja kwa miguu yangu, kwa sababu niliona aibu kutuma mtu." Alivuta pumzi. "Ameniambia. Mimi nilisimama kanisani kwetu nikasema mwanangu hakukusudia. Nilisema mbele ya watu."

Mama akampokea jogoo. Kijana alikuwa amebaki nyuma, karibu na ukuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," mama alijibu papo hapo. Kisha akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Lakini usidhani nimekusamehe. Nimekuitikia. Kusamehe ni kwa huyu mwenye mguu."

Wote watatu wakanigeukia. Nilikuwa nimekaa kizingitini. Nilijua jibu linalotakiwa, jibu ambalo lingemfanya yule mama aliyesafiri na jogoo apumue. Nililitafuta kifuani, nikakuta halijafika. Niliona aibu mbele yake, na bado sikuweza kudanganya, siku ambayo kila mtu alikuwa ameacha kudanganya.

"Bado," nikasema.

Yule mama akafumba macho. Mwanawe akainamisha kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa kile alichokitegemea.

"Sawa, kaka," alisema.

Jogoo alichinjwa. Kina mama waliingia jikoni wakafunga mlango, na baada ya muda tuliwasikia wanazungumza kila mmoja kwa lugha yake ya nyumbani, polepole kwanza, kisha kwa kupokezana, maana zilikuwa lugha mbili zinazosikilizana kama majirani. Sisi tulikaa uani. Tulikula. Jioni waliondoka.

Gemu ile ilidumu bandani kwa msimu mmoja tu. Baadaye ilikuja nyingine, yenye majina tunayoweza kuyasoma, na mzee akauza mashine ya kwanza. Yule kijana alicheza miaka miwili mingine kisha akaacha, akaanza kufundisha watoto kule kwao. Dereva mmoja ndiye aliyenipa habari hiyo, amesimama kibandani kwangu nikimzibia pancha ya baiskeli aliyokuwa ameipakia nyuma ya gari. Alisema timu yake ya watoto imewafunga watoto wa Ruaha, na kwamba mwalimu wao ni mkali sana kwa wanaocheza rafu, anawatoa nje yeye mwenyewe kabla refa hajapuliza. Nilicheka. Nilifurahi, nikamuuliza walifunga mangapi, na ilinichukua muda, dereva akiwa ameshawasha gari, kugundua kwamba nilikuwa nimefurahi kwa ajili ya nani. Nikamkimbilia kwa jinsi ninavyoweza kukimbia, nikagonga mlango wa gari, nikamwambia amfikishie salamu zangu.